Figo Mpya Imekubali... Lakini Damu Yako Unaipima?



Tangu Muhimbili waanze kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata mwaka 2018, kukutana na mtu anayetembea na figo ya ndugu yake tumboni si jambo la ajabu tena hapa Bongo. Kabla ya hapo ilikuwa ni safari ya India, michango ya harusi inageuka michango ya matibabu, na wengi hawakuwahi kuondoka. Kwa hiyo tumepiga hatua, hilo lazima tulikubali.

Tatizo langu ni moja. Habari za kupandikiza figo tunazipata siku ya kwanza tu. Mgonjwa kakaa kitandani anatabasamu, mtoaji yuko pembeni, madaktari wamejipanga nyuma, picha inapigwa, basi. Miaka mitano baadaye nani anaandika? Na ndiyo miaka ambayo mambo mengine yanaanza kujitokeza taratibu, moja likiwa hili la damu.

Mimi si daktari, naomba lieleweke hilo mapema. Mdogo wangu anaishi na figo ya dada yetu, huu ni mwaka wa saba, na kwenye familia mimi ndiye mshika faili. Yaani majibu yote ya maabara yako kwangu, nayapanga kwa tarehe, na kila nisichokielewa nauliza mpaka wanichoke. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza kwa Kiswahili siku ile ya kwanza.

KWA NINI DAWA HAZIISHI?

Mwili una askari wake. Kikiingia kitu kigeni, kiwe mdudu au kiungo cha mtu mwingine, wanakishambulia. Figo ya dada, hata kama mmenyonya ziwa moja, bado ni ngeni kwa mwili wako. Wale ndugu wawili wa Boston, Marekani, ambao upandikizaji wao wa Desemba 1954 ndio uliohesabiwa kuwa wa kwanza kufanikiwa kwa muda mrefu, walikuwa pacha wa kufanana kabisa. Mwili wa mgonjwa haukuona tofauti, ndiyo maana hakuhitaji dawa. Sisi wengine ambao hatuna pacha wa namna hiyo, tunahitaji dawa za kuwatuliza askari, kila siku, maisha yote ya figo hiyo.

Dawa ya kwanza kufanya kazi hiyo vizuri ilikuwa azathioprini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Imuran, ikaanza kutumika kwenye figo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1980 ikaja saiklosporini, iliyotokana na kuvu. Halafu takrolimusi, iliyogunduliwa Japani mwaka 1984 kwenye bakteria wa udongoni. Mwaka 1995 Marekani wakaidhinisha mikofenoleti, ile ya CellCept. Siku hizi wagonjwa wengi wanameza tatu kwa pamoja: takrolimusi, mikofenoleti na prednisoloni.

Hapa kuna jambo la mtaani inabidi nilisema. Ukitamka "kinga imeshuka" mbele za watu, wanaelewa kitu kingine kabisa, na wewe unajua ni kipi. Matokeo yake wagonjwa wengi wanaficha dawa zao, hata kwa mfamasia na hata kwa daktari wa zahanati wanapokwenda na homa. Kuficha huko kunaweza kumgharimu mtu maisha, na huko mbele mtaona kwa nini.

SASA DAMU INAINGIAJE?

Askari wa mwili ni chembe nyeupe za damu. Na chembe nyeupe, nyekundu, pamoja na zile chembe sahani zinazogandisha damu ukijikata, zote zinazaliwa kiwanda kimoja: uboho, huo huo unaounyonya kwenye mfupa wa supu. Azathioprini na mikofenoleti zinafanya kazi kwa kuzuia askari wasizaliane. Sasa ukipuliza dawa ya magugu shambani, upepo haubagui, na mahindi nayo yanapata. Ndivyo ilivyo kwenye uboho. Dawa imelenga askari wa aina moja, lakini kiwanda kizima kinaweza kupunguza kasi.

Kipimo cha kuangalia hali hiyo ndicho hospitali zetu wanakiita FBP, picha kamili ya damu. Ni kipimo cha bei nafuu ukilinganisha na vile vingine, na kinafanyika karibu kila hospitali ya wilaya. Lakini ndicho kinachorukwa zaidi, kwa sababu macho yote yako kwenye kreatinini. Kreatinini ikiwa nzuri, familia inashangilia na kurudi nyumbani. Jamani, kreatinini inakuambia habari za figo. Habari za kiwanda haikuambii.

CHEMBE NYEUPE ZIKISHUKA

Hili ndilo la kawaida kuliko yote, hasa miezi sita ya kwanza. Sababu ni kwamba katika kipindi hicho dawa nyingi zinakandamiza uboho kwa wakati mmoja. Kuna mikofenoleti kwa kipimo kikubwa, kuna valgansiklovia ya kuzuia kirusi kinachoitwa sitomegalo, na kuna kotrimoksazoli, ile ile septrini tunayoijua. Kila moja peke yake inaweza kushusha chembe nyeupe. Kirusi chenyewe cha sitomegalo kikiamka, nacho kinazishusha.

Kwa kawaida chembe nyeupe zinakuwa kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila tone dogo la maikrolita moja. Ndani yake kuna kundi linaloitwa nyutrofili, askari wa mstari wa mbele dhidi ya bakteria. Vitabu vinasema zikishuka chini ya 1,500 hapo kuna upungufu, na chini ya 500 ni hatari kubwa.

Sasa sikiliza hii, kwa sababu inatuhusu sisi moja kwa moja. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara tumezaliwa bila alama fulani kwenye chembe nyekundu inayoitwa Duffy. Kukosa alama hiyo ndiko kunakotukinga na aina moja ya malaria, ile ya vivaksi. Lakini watu wa namna hii pia wana nyutrofili chache kwenye damu kuliko Wazungu, bila ugonjwa wowote. Kuna mtu ana 1,200 tangu utotoni na yuko fiti kabisa. Akienda kutibiwa ng'ambo, daktari asiyelijua hilo anaweza kudhani dawa inamuua, akaipunguza, na figo ikaanza kukataliwa. Kumbe hali yake ni ile ile ya siku zote.

Dawa ya hilo ni karatasi. Weka majibu ya FBP ya KABLA ya upandikizaji. Yakiwapo, daktari yeyote ataona kama umeshuka kweli au ndivyo ulivyo.

Ukishuka kweli, madaktari wana njia zao. Wanaangalia kama valgansiklovia inaweza kupunguzwa, wanapima virusi, wanagusa mikofenoleti kwa uangalifu, na ikibidi kuna sindano ya kuchochea uboho. Neno muhimu hapo ni "kwa uangalifu". Mikofenoleti ikikatwa ghafla na kuachwa, hatari ya figo kukataliwa inapanda. Kwa hiyo anayepaswa kuigusa ni daktari wa figo peke yake. Mjomba aliyesoma intaneti haruhusiwi, na mimi ninayeandika hapa pia siruhusiwi.

Kingine: kuna wagonjwa wanahamishwa kutoka saiklosporini kwenda takrolimusi. Saiklosporini huwa inapunguza kiasi cha mikofenoleti kinachobaki mwilini, takrolimusi haifanyi hivyo. Maana yake siku ukihamishwa, vidonge vile vile vya mikofenoleti vinakuwa na nguvu zaidi bila mtu kuongeza hata kimoja. Baada ya mabadiliko kama hayo, FBP irudiwe.

JONGO NA KIDONGE CHA HATARI

Hapa ndipo nilipotaka mkae vizuri.

Waliopandikizwa figo wanapata sana jongo, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba na kuuma mpaka hata shuka huwezi kujifunika. Saiklosporini inachangia, dawa za kukojoa zinachangia. Na mtaani kwetu jongo lina tiba inayojulikana: alopurinoli. Unaingia duka la dawa, unaeleza, unapewa, unaondoka.

Mdogo wangu yeye anatumia azathioprini, kwa sababu mikofenoleti ilimsumbua tumbo. Mwaka wa tatu kidole kikavimba. Akaenda duka moja la dawa jirani na kwake, muuzaji akamfungashia alopurinoli za mwezi mzima, hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Bahati nzuri shemeji yangu ni mtu wa kuuliza. Kabla hajameza hata kimoja, akanipigia simu, "Shemeji, hebu angalia kwenye faili lako kama hizi zinaenda pamoja." Nikampigia nesi wa kliniki. Jibu lilikuwa fupi: "Asimeze! Aje kesho asubuhi."

Kwa nini? Azathioprini ikiingia mwilini inageuka kuwa kitu kingine chenye nguvu, na mwili una kimeng'enya cha kukivunjavunja kisizidi. Alopurinoli inakifunga mikono kimeng'enya hicho hicho. Matokeo yake dawa inarundikana, uboho unazimika, na ndani ya wiki chache mtu anaweza kubaki hana chembe nyeupe, hana chembe sahani, damu imeisha. Watu wamekufa kwa mchanganyiko huo. Febuksostati, dawa nyingine ya jongo, ina tatizo hilo hilo.

Cha kushangaza ni kwamba azathioprini na alopurinoli zimetoka maabara moja, ya George Hitchings na Gertrude Elion kule Marekani, ambao walipata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Tena alopurinoli mwanzoni ilijaribiwa KWA MAKUSUDI ili kuipa nguvu dawa ya saratani ya damu ambayo ni ndugu wa azathioprini. Kwa hiyo hatari hii si ngeni, inajulikana tangu miaka ya 1960. Ila haijafika kwenye duka la dawa la mtaani kwetu.

Wakati mwingine madaktari wanalazimika kuzitumia pamoja. Hapo azathioprini inashushwa mpaka robo au theluthi ya kipimo cha kawaida, na damu inapimwa mara kwa mara. Mikofenoleti haina ugomvi wa namna hii na alopurinoli, ndiyo maana wengine wanahamishiwa huko.

Pia wako watu wachache waliozaliwa na kimeng'enya kingine kidogo sana cha kuvunja azathioprini. Kwa hesabu za Ulaya ni kama mtu 1 kati ya 300. Hawa hata kipimo cha kawaida kinawazimia uboho. Sehemu zenye uwezo wanapima kabla ya kuanza dawa. Pasipo na kipimo hicho, FBP ya kila wiki mwanzoni ndiyo macho yako.

DAMU IKIPUNGUA

Figo ndiyo inayotoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Ndiyo maana mtu wa dayalisisi anakuwa amepauka, na ndiyo maana figo mpya ikishika, rangi inarudi ndani ya wiki au miezi michache. Watu wanasema "kapona kabisa, ona alivyo mwekundu!" Sawa. Lakini tafiti nyingi zinaonyesha kwamba ukiwapima waliopandikizwa, kati ya 20 na 50 katika kila 100 wana upungufu wa damu wakati fulani.

Sababu ziko nyingi, na kila moja ina dawa yake:

Kwanza, madini ya chuma yameisha, hasa kwa akina mama.

Pili, dawa zenyewe: mikofenoleti, azathioprini, sirolimusi. Hata baadhi ya dawa za presha zinashusha damu kidogo.

Tatu, figo mpya yenyewe imeanza kuchoka. Damu inayoshuka taratibu mwaka wa nane au wa tisa inaweza kuwa ndiyo barua ya kwanza kutoka kwa figo.

Nne, kuna kirusi kinaitwa parvo B19. Kwa mtoto mzima kinaleta vipele na mashavu mekundu, kinapita. Kwa mtu aliyeshushwa kinga kinakaa ndani ya uboho na kuua watoto wa chembe nyekundu kabla hawajakua. Damu inashuka mpaka 5 au 4, anaongezewa, inashuka tena, na hakuna anayevuja popote. Dawa yake ni drip ya kingamwili pamoja na kupunguza dawa za kinga, lakini lazima mtu akifikirie kwanza.

Tano, chembe nyekundu zinapasuka. Wengi wetu, hasa ukanda wenye malaria, tuna upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Mtu kama huyo akipewa dapsoni badala ya septrini kwa sababu septrini imemkataa, damu inaweza kupasuka na mkojo ukawa kama kokakola. Kipimo cha G6PD kifanyike kabla ya dapsoni.

Mnaona sasa kwa nini juisi ya rosela na bitiruti peke yake haitoshi? Sisemi ni mbaya. Nasema kama kiwanda kimezimwa na kirusi, utakunywa ndoo nzima na Hb haitapanda. Na kuongezewa damu nako kusiwe kwa haraka haraka bila sababu. Damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya viungo vya watu, na siku ukihitaji figo ya pili ukakuta karibu kila mtoaji anakataliwa. Ikibidi iongezwe, iongezwe, maisha kwanza. Ila swali la "kwa nini imeshuka" lisizikwe na chupa mbili za damu.

DAMU IKIZIDI

Hii inawashangaza wengi. Kwa wagonjwa kama 8 hadi 15 katika kila 100, damu inapanda kupita kiasi, mara nyingi kati ya mwezi wa 8 na wa 24 baada ya upandikizaji. Hb inapita 17 na kubaki huko. Inawapata zaidi wanaume, wenye figo inayofanya kazi vizuri, na wanaovuta sigara.

Kwetu "damu nyingi" ni sifa. Mtu anapongezwa! Lakini damu ikiwa nzito inakwenda kama uji, inaganda kirahisi, na inaweza kuleta kiharusi au kuziba mshipa wa mguu. Dalili ni kichwa kuuma, uso kuwa mwekundu, masikio kuvuma, kuchoka. Wengine hawana dalili kabisa.

Habari njema ni kwamba tiba yake ni rahisi. Dawa za presha za kundi la enalapril au losartan, ambazo ziko hata vituo vya afya, ndizo zinazopendekezwa kuanza nazo, na kwa wengi damu inashuka. Zikishindwa, damu inatolewa kwa kiasi, kama mtu anayechangia. Ni ugonjwa wa kutibiwa kwa kidonge cha bei ndogo, mradi mtu awe amepima.

CHEMBE SAHANI NA VIJIDONGE VYA DAMU

Takrolimusi na saiklosporini hazikandamizi sana uboho. Zenyewe zina njia nyingine. Kwa watu wachache zinaumiza ukuta wa mishipa midogo, damu inaanza kuganda vijidonge vidogo ndani yake, chembe sahani zinamalizika humo, na chembe nyekundu zikipita zinakatika vipande. FBP inaonyesha sahani zimeshuka na damu imeshuka, huku kreatinini ikipanda. Vitu hivyo vitatu kwa pamoja ni kengele, na figo inaweza kupotea kwa siku chache. Figo kukataliwa nako kunaweza kuleta picha hiyo hiyo, kwa hiyo hapo ni hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Ila tuko Tanzania. Malaria nayo inashusha chembe sahani, tena sana. Kwa hiyo mwenye figo ya kupandikizwa akipata homa na sahani zikawa chini, kipimo cha malaria kiwe kwenye orodha ya kwanza.

MITOKI NA HABARI ILIYOANZIA KAMPALA

Jambo linaloogopwa zaidi ni saratani ya mitoki, limfoma. Kwa watu wazima wa figo inawapata kama 1 hadi 3 katika kila 100, kwa watoto ni zaidi. Na hadithi yake imeanzia hapa jirani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mmoja wa upasuaji pale Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliona watoto wengi wanaletwa na uvimbe mkubwa wa taya. Akaandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 akazungumza London, na kwenye ukumbi alikuwepo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoleta saratani. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakakiona kirusi. Ndicho kinachoitwa Epstein-Barr.

Karibu sote tunacho. Kwetu mtoto anakipata mapema sana, anaugua kidogo au haugui, kisha kirusi kinalala ndani ya chembe nyeupe na askari wanakilinda kisiamke. Sasa ukiwatuliza askari kwa miaka, kwa baadhi ya watu kinaamka, na zile chembe zinaanza kuzaliana bila breki. Walio hatarini zaidi ni wale ambao hawakuwa nacho kabisa wakapewa figo ya mtu mwenye nacho, na hao wengi ni watoto. Ndiyo maana kipimo cha kirusi hiki kinafanywa kwa mgonjwa na kwa mtoaji kabla ya upasuaji.

Dalili: mitoki isiyoisha shingoni, kwapani au kwenye kinena, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, tumbo kuuma bila sababu. Unasikia harufu ya nini hapo? TB! Ndiyo, dalili ni zile zile, na TB pia inawapata sana watu hawa. Kwa hiyo mtoki ukatwe kipande kidogo kipimwe. Kuanza dawa za TB kwa kubahatisha ni hatari mara mbili: limfoma inaendelea, na rifampisini iliyo ndani ya dawa za TB inashusha takrolimusi mpaka figo inakataliwa.

Cha kutia moyo, mwaka 1984 Thomas Starzl na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya uvimbe huu unanywea wenyewe dawa za kinga zikipunguzwa. Mpaka leo hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Ikishindikana, kuna rituksimabu na dawa za saratani. Yaani kansa hii ikiwahiwa, mara nyingine inaondoka kwa kuwaamsha tu wale askari uliowatuliza.

Na kwa waliotumia azathioprini miaka mingi sana, kuna hatari ndogo ya uboho wenyewe kuharibika na hata kugeuka saratani ya damu. Ishara yake ni chembe za aina mbili au tatu kushuka pamoja, polepole, bila maelezo. Chembe nyekundu kuwa kubwa peke yake isikutishe, azathioprini hufanya hivyo kwa watu wengi.

TUFANYE NINI BASI?

Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2009 unasema FBP ipimwe kila siku wiki ya kwanza, mara 2 hadi 3 kwa wiki mpaka mwezi utimie, kila wiki mwezi wa 2 na wa 3, kila mwezi mpaka mwaka uishe, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Na kila dawa inayoweza kugusa damu ikibadilishwa, ipimwe tena. Nakili, bandika ukutani.

Weka majibu yote, omba nakala, usikubali kuambiwa "iko kawaida" ukaondoka mikono mitupu. Namba inayoshuka kutoka 7,000 kwenda 5,500 kwenda 4,200 kila moja iko kawaida ukiiangalia peke yake. Ukizipanga, unaona ngazi inayoshuka.

Homa ya 38 kwa mtu huyu si ya kulala nayo mpaka asubuhi. Chembe nyeupe zikiwa chini, usiku mmoja unatosha kumpoteza.

Usimeze dawa yoyote, ya dukani au ya mti shamba, kabla ya kuitaja kliniki. Dawa za fangasi kama flukonazoli zinapandisha takrolimusi, hata tunda la balungi linapandisha. Ndiyo maana nilisema kuficha ni hatari. Andika majina ya dawa zako kwenye karatasi, ikae kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Ukianguka njiani, itaongea kwa niaba yako.

Na la mwisho, ambalo nalirudia kwa herufi kubwa: USIACHE DAWA ZA KINGA KWA SABAYA YA ULICHOSOMA HAPA. Damu iliyoshuka mara nyingi inarekebishika. Figo iliyokataliwa kwa kuacha dawa mara nyingi hairudi, na ndugu aliyekupa hana nyingine ya kukupa. Dada yetu alikuwa nazo mbili, sasa ana moja. Kila nikifungua lile faili ndilo ninalolifikiria.

Wauguzi, madaktari, wafamasia na watu wa maabara mnaopita humu, najua mpo. Kama kuna mahali nimeeleza nusu nusu, nyoosheni hapo chini kwa faida ya wote. Na nyinyi mnaoishi na figo ya kupandikizwa, au mnaomtunza aliyepandikizwa, tuambieni: mara ya mwisho FBP ilipimwa lini?

Naomba kuwasilisha.